Matembezi ya ndege ya Jumatano, Makumbusho ya Nairobi: nimekwenda mara 11

Jumatano sifungui kibanda. Wateja wangu wa Ngara wameshazoea: mwenye sare ya shule au gauni la harusi anajua siku hiyo cherehani imefunikwa. Nilianza kufunga kwa sababu ya magoti. Miaka 22 ya kukanyaga cherehani imeniachia maumivu, na daktari alinishauri nitembee mwendo mrefu walau siku moja kwa wiki. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, aliposikia hivyo akaniambia, "Mama Kadzo, kama ni kutembea, njoo Jumatano utembee nasi. Ila tunasimama sana." Nikaitikia bila hata kumuuliza wanasimama kutazama nini.

Sasa nimekwenda mara 11. Naandika kwa sababu kila wiki kuna anayeniuliza kibandani huwa napotelea wapi, na jibu lenyewe ni refu, siwezi kulitoa huku nampima mtu kiuno.

Kwa asiyejua, haya ni matembezi ya kutazama ndege yanayoandaliwa na Nature Kenya, chama kilichoanza mwaka 1909 kikiitwa East Africa and Uganda Natural History Society. Watu hukutana Makumbusho ya Nairobi kila Jumatano asubuhi. Bi Fleur Ng'weno alianza kuyaongoza mwaka 1971, kwa hiyo yamenizidi umri. Kutoka Ngara mimi hushuka kwa miguu, robo saa tu. Atokaye mbali apande matatu ya Westlands ashukie Museum Hill. Mimi hufika saa mbili na robo. Mgeni hulipa ada ndogo, mwanachama hulipa kwa mwaka, na kama mahali mnapokwenda pana kiingilio, hicho ni juu yako. Wenye magari huwabeba wasio nayo. Siku hiyo huenda ikawa Arboretum, City Park, Karura, au msitu wa Ngong Road. Mara nyingine hamwendi mbali. Mchana umesharudi kwako.

Hayo ndiyo maelezo ya kawaida. Sasa niseme niliyoyaona.

Mara ya kwanza tulikwenda City Park. Nilipajua kama mahali pa kima wanaonyakua ndizi na pa watoto kupiga picha siku ya Krismasi. Nilijua pia kwamba Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwaka 1965, amezikwa pale, na Joseph Murumbi aliyekuwa makamu wa rais amelazwa karibu na rafiki yake. Sikujua kwamba nyuma ya makaburi kuna kipande cha msitu wa asili, msitu ule ule uliokuwa ukifunika vilima hivi kabla ya reli na mji. Kijana aliyekuwa akituongoza aliinua mkono, wote tukanyamaza. Nikawa nahangaisha macho huku na huko. Akaninong'oneza, "Mama, usitafute ndege. Tafuta jani linalotikisika bila upepo."

Nikaliona jani. Kisha jani likaruka, likafungua mabawa, na ndani yake mlikuwa na wekundu ambao mimi, niliyeshika vitambaa vyekundu maisha yangu yote, sijapata kuuona dukani. Ni kulukulu. Pwani tuna kulukulu wetu. Huyu wa Nairobi ni wa Hartlaub, na anaishi katika misitu ya nyanda za juu za Afrika Mashariki tu. Akitulia ni kijani na buluu iliyokolea, humwoni. Akiruka anawaka. Mwalimu mstaafu akanieleza jambo ambalo nimekuwa nikilisimulia kibandani mpaka leo: wekundu ule si mchezo wa mwanga kama ilivyo kwa ndege wengi wanaometameta, ni rangi kamili, nayo ina madini ya shaba ndani yake. Unyoya wake ukiutia kwenye maji ya magadi, rangi inachuja. Mtu wa vitambaa anajua uzito wa habari hiyo. Kitenge kinachochuja tunakirudisha kwa muuzaji. Huyu ndege ameipata shaba yake kwenye matunda anayokula, amejitia rangi mwenyewe, na amekuwa akifanya hivyo juu ya vichwa vyetu, mita mia chache kutoka barabara ambapo mimi hununua nyuzi.

Nilirudi nyumbani sikumbuki magoti.

Kuhusu darubini nitasema kwa urefu kidogo, maana hapo ndipo mgeni hupoteza pesa. Baada ya wiki ya pili niliingia duka moja mjini nikauziwa darubini ya shilingi 1,800 iliyoandikwa 30x60 kwa herufi kubwa za dhahabu. Muuzaji aliniambia kadiri namba ilivyo kubwa ndivyo utakavyoona mbali. Nilipoitumia nilipata kichwa kuuma. Picha ilikuwa ukungu, na kila nilipopumua ndege akaruka nje ya duara. Wenzangu wakanifundisha hivi: namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Wengi wao hutumia 8x42. Ukikuza mara nyingi mno, unakuza na mtetemo wa mkono wako pia, na kioo kikiwa chembamba kulinganisha na ukuzaji, picha inakuwa na giza, hasa msituni. Tena darubini nyingi za bei ya chini zina namba zisizo za kweli. Mwanachama mmoja aliyekuwa anahama nchi aliniuzia ya kwake, 8x42 ya mkono wa pili, nikamlipa kwa awamu 4. Mpaka upate yako, tembea karibu na mtu mwenye nayo. Sijaona hata siku moja mtu akinyimwa kutazama.

Safari iliyonigusa zaidi ilikuwa ya Karura. Kila mkazi wa Nairobi anajua kisa cha Karura: hekta 1,041 ndani ya jiji, zilizokuwa zimeanza kugawiwa watu wajenge, na Profesa Wangari Maathai na wenzake wakapigwa Januari 1999 walipokwenda kupanda miti langoni. Mimi wakati ule nilikuwa msichana mgeni mjini, nikasikia habari hizo kwenye redio. Nilifikiri anapigania kivuli, na hewa, na mahali pa watu kupumzika. Ni kweli, lakini sikujua ndani mna nini.

Tulikuwa tukimtafuta tai mwenye kishungi, yule mkubwa anayewinda kima, ambaye yuko Karura kwelikweli. Hatukumpata. Tukawaona mbega, wale walioletwa kutoka Kipipiri baada ya mbega wa hapa kutoweka, wameketi juu na mikia yao myeupe ikining'inia kama shada za pazia. Halafu mwalimu akagusa shina la mti mmoja wenye gome lililochanika akasema, "Huu ni muhugu." Nikainama nikaokota kipande cha tawi kavu, nikakivunja, nikanusa. Nikajikuta natokwa na machozi mbele ya watu nisiowajua vizuri.

Kwetu pwani huo ni muhuhu. Mimi ni mzaliwa wa Gede, ubavuni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Muhuhu ndio harufu ya utoto wangu, harufu ya kuni za bibi na ya vumbi la wachonga vinyago. Nimeishi Nairobi miaka yote hii nikidhani nimeacha msitu kilomita mia tano nyuma yangu, kumbe mti wenyewe upo, ng'ambo ya Kiambu Road. Mwalimu akaniambia muhuhu umekatwa mno kwa sababu ya ugumu wake na wachongaji kuupenda, na kwamba Karura, Ngong Road na Arabuko-Sokoke ni miongoni mwa mahali ambapo bado umesimama. Nikakiweka kile kipande ndani ya mkoba. Baadaye niliambiwa hairuhusiwi kutoa kitu msituni, nikakirudisha Jumatano iliyofuata. Hilo nawaambia wageni mapema: acheni kila kitu palepale, hata kijiti.

Lakini kwangu kiini cha matembezi haya hakimo katika kuona. Kimo katika dakika 15 za mwisho, ambazo wageni wengi huzitumia kutafuta chai. Kiongozi husimama akasoma orodha. Jina la ndege, nani amemwona, nani amemsikia, wangapi. Kunguru nao husomwa. Shore, ambaye kila ua la nyumba Nairobi linaye, husomwa. Mara ya tatu nikauliza, "Mwanangu, hata kunguru?" Yule kijana akanionyesha simu yake. Kuna programu inaitwa BirdLasser, ya bure. Unabonyeza jina la ndege pale ulipomwona, na simu inaweka alama ya mahali. Orodha inakwenda kwenye Kenya Bird Map, ramani ya ndege ya nchi nzima iliyoanza mwaka 2013. Nchi imegawanywa miraba ya dakika 5 kwa 5 za latitudo na longitudo, karibu kilomita 9 kila upande. Ili orodha yako ihesabike kamili, unatakiwa kutafuta kwa bidii saa 2 au zaidi ndani ya mraba mmoja, upite aina nyingi za mazingira uwezavyo, na uandike kila ndege, wa kawaida na wa nadra. Kunguru ana maana kwa sababu ukimwandika kila mara, siku atakapoongezeka au kupungua itaonekana. Ramani ya kwanza ya namna hii ilichapishwa mwaka 1989; ukizilinganisha ndipo unapojua nani amehama na nani ametoweka wapi.

Nikauliza tena, maana mimi sikubali kazi bila kujua nguo ni ya nani: orodha hizi zinamsaidia nani?

Tulikuwa tumeketi kwenye magogo. Mwalimu akaeleza polepole, kama aliyekuwa akingoja kuulizwa. Alisema serikali nyingi zamani zilihifadhi mahali kwa sababu pana wanyama wakubwa wa kuvutia watalii, au kwa sababu ardhi yake haikufaa kulimwa. Halafu watu wa ndege wakaja na swali lingine: ni mahali gani ambapo pakiharibika, kuna kiumbe kitakachokosa pa kukimbilia? Wakaweka vigezo. Mahali panahesabiwa kuwa Eneo Muhimu kwa Ndege kama pana ndege walio hatarini kutoweka duniani, au ndege ambao makazi yao yote ni eneo dogo, au kundi la ndege wa aina moja ya mazingira wasiopatikana kwingine, au kama ndege hukusanyika hapo kwa wingi mkubwa. Mwaka 1999 Kenya ilitoa orodha yake: maeneo 60. Mwaka 2016 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ikatoa kipimo cha dunia nzima cha kutambua maeneo muhimu kwa viumbe vyote, mimea, vyura, samaki, vipepeo, si ndege peke yao. Ndege ndio walitangulia kwa sababu wanaonekana, wanasikika, na kuna watu kama sisi wanaoamka asubuhi kuwahesabu.

Katika orodha ile ya 60 mna mbuga na misitu tunayoijua sote. Mna pia nyanda za Kinangop, ambazo ni mashamba ya watu, zenye ndege mdogo wa nyasi, kifua chake cha manjano, anayeitwa Sharpe's longclaw na asiyepatikana nje ya Kenya. Nyasi zikilimwa viazi, yeye hana mti wa kurukia. Nyasi ndiyo nyumba. Chama kimenunua vipande vya ardhi kule vibaki nyasi, na wakulima wengine wamekubali kuacha sehemu ya malisho yao. Hakuna geti wala askari wa wanyamapori.

Na mna Dandora.

Hapo nilimwomba mwalimu arudie. Mimi naishi upande wa Ruai, kwenye Kangundo Road. Mabwawa ya maji taka ya Dandora ni jirani zangu. Upepo ukigeuka tunafunga madirisha. Nilipokuwa nikilea watoto niliwaambia wasiende kule kamwe. Kumbe yale mabwawa yako kwenye orodha moja na Maziwa ya Bonde la Ufa, kwa sababu ya wingi wa ndege wa maji. Niliingia Januari pamoja na wahesabuji, kwa ruhusa, kwa sababu kila Januari wajitolea huhesabu ndege wa maji nchini. Sitasema harufu haipo. Ila tulipopanda ukingo wa bwawa nikaweka darubini machoni, maji hayakuonekana. Yalikuwa yamefunikwa na bata wenye midomo mipana kama mwiko, waliotoka Ulaya na Asia kukimbia baridi. Pembezoni, kwenye tope, chamchanga wadogo walikuwa wakidonoa haraka haraka kama sindano ya cherehani. Mmoja wao ana uzito wa gramu 25 hivi. Huyo huzaliwa kaskazini kabisa mwa Siberia, kisha huja Ruai kula. Anakuja kila mwaka, tangu kabla sijahamia.

Nilisimama pale nikafikiria kinamasi chetu.

Nyuma ya ploti ninayokaa kulikuwa na kinamasi, si kikubwa, kama viwanja vitatu vya mpira. Kilikuwa na mafunjo, vyura waliokesha wakiimba, na ndege ambao sikuwajua majina. Kulikuwa na mmoja mweusi mwenye kisogo chekundu, na korongo wawili warefu waliokuja asubuhi wakaondoka jioni. Mvua kubwa ikinyesha, maji yalijaa mle badala ya kuingia nyumbani. Mwezi wa saba mwaka mmoja malori yakaanza kumwaga kifusi. Tulikwenda watu sita kwenye ofisi moja inayohusika na mambo hayo. Mpokeaji hakuwa mkali. Alitusikiliza, akafungua kompyuta, akatuuliza, "Kuna nini hapo? Mna rekodi yoyote?" Tukatazamana. Mzee mmoja akasema kuna vyura na ndege. "Ndege gani?" Hatukujua. Mahali pale hapakuwa na jina kwenye ramani yao. Paliandikwa kama ardhi tupu. Mwaka uliofuata mvua ya masika iliingia hadi magodoroni, na sasa pana ghala.

Nilipoijua ile programu nilimwomba kijana aniwekee wale ndege wa kinamasi, yule mwenye kisogo chekundu, wale korongo. Nilimweleza nilivyowaona. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwa upole, "Mama, kumbukumbu haipokelewi. Inataka tarehe na mahali, na jina uwe na hakika nalo." Ana haki. Lakini siku hiyo nilitembea nyuma ya wenzangu.

Kwa hiyo mtu akiniambia kutazama ndege ni anasa ya wenye nafasi, namjibu na mfano wa kwetu. Kaskazini mwa Malindi kuna pori la Dakatcha. Miaka ya karibu na 2010 ulikuwapo mpango wa kufyeka maelfu ya hekta huko ili kupanda jatrofa ya kutengenezea mafuta. Wenyeji walikataa, na waliopinga pamoja nao walikuwa na jambo la kuweka mezani: Dakatcha tayari ilikuwa kwenye orodha ya maeneo muhimu, na ndani yake yumo mnana wa Clarke, ndege wa manjano na mweusi asiyepatikana popote duniani nje ya Kilifi. Mpango haukupita. Mwaka 2013 ndipo viota vya mnana huyo vikapatikana kwa mara ya kwanza, kwenye kinamasi cha Dakatcha. Kwenye kinamasi! Laiti wangefyeka kwanza, tusingejua hata alikuwa akizaa wapi.

Wala si elimu ya kigeni. Bibi yangu hakuwahi kushika darubini, lakini alijua kaya, msitu mtakatifu wa wazee, ni wapi, mpaka wake unaanzia mti gani, nani anaruhusiwa kuingia, na kwamba huko hukati hata fito ya mlango. Misitu kadhaa ya kaya za Wamijikenda iliwekwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2008, na watafiti wanaoingia humo bado hukuta mimea ambayo kwingine pwani imekwisha. Wazee waliyatambua maeneo yale na wakayalinda kwa hofu na heshima. Huku Ruai hatukuwa na wazee wa kaya, wala hatukuwa na orodha.

Sasa niseme ninayoyatamani. Kwanza, majina. Tukiwa msituni kila ndege huitwa kwa Kiingereza, maana vitabu tunavyobeba ni vya Kiingereza. Lakini sisi tuna mdiria, kigogota, hondohondo, chozi, heroe, bundi, kipanga, na wale wanaokaa kimya nyuma ya msafara, mara nyingi ni kwa sababu ya lugha, si kwa kukosa macho. Nimeanza kuyaandika majina ya Kiswahili kwenye daftari langu la vipimo, ukurasa wa nyuma, nami husema jina kwa sauti kila mara kiongozi anapotaja la Kiingereza. Wameanza kuniuliza wao. Juzi hondohondo alipita juu ya Arboretum akipiga kelele zake na watu watatu wakamtaja kwa Kiswahili kabla yangu.

Pili, Jumatano ni siku ya kazi. Mimi ni bosi wangu mwenyewe, naweza kufunga na kubeba hasara. Mama mboga wa pale mlangoni kwangu hawezi, na yeye ndiye anayeishi karibu na mto. Ningependa kuona matembezi kama haya yakifanywa mtaani, Jumapili alasiri, Kariobangi au Njiru, bila kupanda gari la mtu.

Atakayekwenda avae nguo zisizong'aa. Rangi za ardhi ni bora, kijani kilichofifia, kaki, kahawia. Nyeupe iache nyumbani. Vaa viatu vilivyofungwa, maana Karura kuna siafu. Beba maji na kofia, na uende haja Makumbusho kabla ya kuondoka. Mtoto mtulivu wa miaka 9 na kuendelea atafurahia. Anayetaka mazoezi ya kutoa jasho atachoka na kusimama. Mwalimu alinionya nami nawaonya. Magoti yangu yamepata nafuu, ingawa daktari alishangaa nilipomweleza mwendo wenyewe.

Kama naulizwa nyota, natoa zote 5, na sijawahi kufanya hivyo kwa kitu chochote nilichowahi kulipia.

Kuna kitu kimoja zaidi. Kinamasi chetu hakikumalizika chote. Upande wa chini, kuelekea mto, kimebaki kipande cha mafunjo ambacho malori hayakukifikia. Kila Jumapili alfajiri, kabla ya kanisa, nakwenda pale na binti yangu Kadzo. Yeye anashika simu, mimi darubini. Tunakaa saa 2 kamili kwa saa yake, na tunaandika kila kitu, kunguru pia. Wiki za kwanza tulikuwa tukipata ndege 9 au 10 tunaowajua kwa hakika. Orodha ya Jumapili iliyopita ilikuwa na 23, ina tarehe, na ina mahali. Yule mweusi mwenye kisogo chekundu alikuwa wa 17.